Bembea ya Mninga

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikiwa tayari nabishana na mkunga. Basi mtu wa namna hiyo akipenda kitu hakipendi kimyakimya, na kitu nilichokipenda mimi kuliko vyote pale Singida mjini, tangu utoto mpaka nikawa msichana wa kuposwa, kilikuwa uwanja wa sikukuu na bembea ya baba iliyosimama katikati yake.

Usifikirie bembea ya kamba na tawi la mti. Hii ilikuwa gurudumu kubwa la mbao za mninga, lenye masanduku manne ya kukalia, limeshikwa na nguzo mbili zilizozikwa chini kwa mawe. Hapakuwa na injini. Baba na jirani yetu mmoja waliizungusha kwa mikono, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakilivuta sanduku chini na kulisukuma lipande. Sanduku lako likifika juu kabisa uliona mabati yote ya mjini, na majabali yaliyopandana, na ziwa na ukingo wake mweupe wa magadi. Ukibahatika uliona na ndege heroe wamesimama majini, wekundu wekundu, kama nguo zilizoanikwa.

Baba alikuwa seremala. Aliijenga kwa agizo la mwenye duka mmoja wa vitambaa aliyetaka watoto wa mji wawe na cha kuwafurahisha Idd na Saba Saba. Mwenye duka yule alipohamia Arusha alimwambia baba aichukue, maana yeye hakuwa na lori la kubebea gurudumu. Tangu siku hiyo ikawa ya baba, na kwa akili yangu ikawa yangu.

Uwanjani palikuwa na mambo mengine pia. Palikuwa na mchezo wa kurusha pete ukashinda kipande cha sabuni, na mbio za magunia, na wauza karanga na kashata. Palikuwa na mpiga picha mmoja mwenye mvi na pazia lililochorwa ndege, unasimama mbele yake unapigwa picha kama unasafiri. Lakini vyote hivyo nilivipitia tu nikielekea kwenye bembea. Huko nilikuwa na haki ambayo mtoto mwingine hakuwa nayo. Sanduku langu lilipofika juu, baba aligonga nguzo kwa kiganja mara mbili, ko, ko, kisha akaisimamisha bembea na kuniacha huko nitazame kidogo. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani yote yaliyokuwamo nyumbani tuliyamaliza mimi na mama.

Sasa, miaka ile Ujamaa ulipopamba moto, baba aliamua kuhamia kijiji kipya kilichokuwa kinajengwa upande wa Mungaa. Alisimama mkutanoni akaahidi kwamba mbao zake za mninga zitakuwa kenchi za paa la shule. Akaturudia nyumbani na kutuambia kwamba bembea itasimama Saba Saba moja tu zaidi, siku tatu, halafu ataibomoa. Nililia. Nilitafuta la kubisha nikalikosa, maana utabishana vipi na shule?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshapata mtu wa kumwonyesha.

Alikuwa kijana wa Mungaa, mkulima na mfugaji, aliyekuja mjini na punda wake kuuza karanga. Tulijuana kwa sababu punda wake alikula ufagio wa mama ulioegemezwa ukutani. Nilitoka nikampa za uso, nikamtaja yeye, punda, na malezi ya wote wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama nimemaliza, au amfunge punda kwanza asikilize vizuri. Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki iliyofuata alileta mafagio mawili.

Haikuchukua muda mjomba wake akaja kwetu kuleta posa. Baba alijibu kwamba atafikiri. Miezi ikapita anafikiri. Kijana kila akija mjini alipita kumwamkia, shikamoo baba, naye anajibu marahaba, basi, anarudi kwenye randa lake. Na huyo ndiye baba aliyewaita wauza kuni wote mwanangu, hata mpiga picha mwenye mvi alimwita mwanangu kwa utani. Huyu mmoja tu hakumwita.

Mimi nikajiwekea nia. Kabla bembea haijashuka, nitapanda naye. Sikutaka anijue kwa ufagio na matusi peke yake. Nilitaka akae pale nilipokaa mimi miaka yote, aone nilichokiona, ili hata mbao zikiwa paa la shule tuwe wawili tunaokumbuka. Nililitaka jambo hilo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Siku ya kwanza ya sikukuu alifika, kavaa shati jeupe na kofia mpya. Nikamzungusha uwanja mzima. Kwenye pete alishinda sabuni, akanipa, nikaiweka kifuani kama dhahabu. Tukafika kwenye bembea. Akavua kofia akamwamkia baba, baba akaitikia kama kawaida yake. Nikaingia kwenye sanduku, nikapigapiga ubao pembeni yangu, njoo ukae. Alitazama sanduku. Akamtazama baba aliyesimama chini yake, mikono ya shati imekunjwa. Akasema hii hapandi.

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema hapana. Nikamuuliza kama anauona mchezo wa watoto. Akasema hapana. Basi ni nini? Akatazama chini, akanyamaza. Nikapanda peke yangu kwa hasira, na baba akagonga nguzo, ko, ko, akanisimamisha juu, na nakwambia siku hiyo ziwa lenyewe sikuliona.

Niliposhuka nilimvutia nyuma ya wauza karanga. Nilikuwa nimevimba. Nikamwambia, "Kesho kutwa ni siku ya mwisho. Usipopanda na mimi, mwambie mjomba wako asirudi kwetu."

"Nimesikia," akasema. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Maneno yakishatoka hayarudi kinywani, na mimi nilijua hilo kabla hajafika barabarani. Lakini je, nilimwita? Sikumwita. Kichwa changu nacho ni cha mninga.

Siku ya pili hakutokea. Asubuhi ile nilikaa na mama uani, yeye anapepeta mtama, mimi nalalamika. Nilimweleza yote, jinsi mtu alivyodharau kazi ya baba mbele ya macho yangu, jinsi nilivyompasha. Mama alipepeta, akapepeta, halafu akauweka ungo chini.

Akaniuliza bembea inasukumwa na nani. Nikasema na baba. Akaniuliza, nikiwa juu, miguu yangu inaning'inia wapi.

Mama kwao ni Ulemo, baba ni Mnyaturu wa huku huku, na kote wanakotoka mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwelikweli. Kijana akikutana na mkwewe njiani anampisha, anasimama majanini. Kigoda chake hakikalii. Mama mkwe ndiyo kabisa, hata usoni hamtazami. Mimi nililelewa mjini, penye mchanganyiko wa watu kutoka kila upande, na mambo hayo niliyasikia kama hadithi za wengine. Mama akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto: nilikuwa nimemtaka kijana wa watu akaning'inize miguu juu ya kichwa cha mkwewe, mbele ya mji mzima, na posa bado haijajibiwa.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Angesemaje?" mama akasema. "Akuambie baba yako ni mkwe wake, na baba yako hajasema ndiyo? Huko si kujipa mke mwenyewe?"

Nilijiona mjinga, na kujiona mjinga ni jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. Kijana alikaa kimya kwa ajili ya heshima ya baba yangu, mimi nikaita kimya hicho dharau, na juu yake nikamfukuza. Kwenda Mungaa kumwomba radhi ni mwendo wa siku nzima. Kumwambia baba haiwezekani, mambo hayo hayasemwi na binti kwa baba yake. Na nikuambie ukweli, katikati ya aibu yote ile bado nilitaka apande. Ila sasa nilijua kwamba nimetaka kitu kisichopandika.

Siku ya tatu mambo yaliharibika tangu asubuhi. Jirani aliyemsaidia baba kusukuma aliondoka na lori la wanaokwenda kujenga nyumba za kijijini. Baba alibaki peke yake, na bega lake la kulia lilikuwa linamsumbua mwaka wa pili. Bembea ile mtu mmoja haiwezi. Watoto walikuwa wamepanga mstari, wameoga, wamepakwa mafuta, na baba anawatazama akijisugua bega. Mwishowe akasema basi, ataanza kubomoa.

Ndipo kijana wa Mungaa akatokea na punda watatu.

Moyo ulinipasuka kwa furaha, halafu ukarudi mahali pake, maana hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, akavua kofia, akamwamkia. Akasema amesikia kule kijijini kwamba mbao zitahitaji wanyama wa kuzibeba, naye amekuja kuzibeba. Kwa hiyo alikuja kuibomoa bembea yangu.

Halafu akawatazama wale watoto kwenye mstari. Akamwomba baba ruhusa asukume yeye, watoto wapate zamu yao kwanza. Baba aliitazama mikono ya kijana, akaitikia kwa kichwa. Mpiga picha akaacha pazia lake akaja kushika upande wa pili.

Lazima nieleze kwamba bembea ile ilikuwa na ujuzi wake. Masanduku yanayotazamana lazima yalingane uzito. Yasipolingana, zito linaporomoka, linamnyang'anya msukumaji mkono. Baba alikuwa na mawe ya kusawazisha, ameyafunga kwenye vipande vya gunia, na hata hivyo alihangaika nayo kila duru. Kijana hakuyagusa mawe. Alipita kwenye mstari akiwatazama watoto, wewe huku, wewe kule, nyie wadogo wawili pamoja, mnene kaa na mwembamba. Akasukuma. Bembea ikazunguka laini kama imepakwa samli.

Baba alisogea karibu. Akamuuliza amejifunza wapi.

Akajibu kwamba amejifunza kwa punda. Mzigo ukilala upande mmoja, punda hafiki Singida.

Baba alibaki amesimama pale akitazama, duru baada ya duru. Mimi namjua baba. Randa likimpendeza hulishika hivyohivyo, bila neno.

Jua lilipofika utosini watoto walikuwa wamekwisha. Baba akasema inatosha, tufungue misumari. Nami nilikuwa nimesimama pale na mawazo yangu yakizunguka kuliko bembea, na ghafla nikaiona njia. Kwa miaka yote ile baba alijenga, akatengeneza, akasukuma, akawapandisha watoto wa mji mzima. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Nikamkimbilia mama, nikamnong'oneza. Aliniangalia muda mrefu. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akaenda, akaingia kwenye sanduku la chini akakaa.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwenye mwili, Mungu amrehemu. Sanduku lililia. Akajiweka sawa, akatangaza kwamba amepikia bembea hii miaka yote na hajawahi kuionja, kwa hiyo leo anapanda, wampe uzito wa upande wa pili.

Watu wakacheka. Mawe yote ya baba yasingefika nusu ya mama. Baba akamwambia ashuke, mtu mzima ovyo. Mama akasema hashuki. Hapo nikasema mimi, kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Baba, na wewe hujawahi kupanda."

Baba alinitazama kama aliyeulizwa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Akaitazama bembea kutoka chini mpaka juu. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akaitundika kwenye nguzo, na bembea ilipogeuzwa nusu akaingia kwenye sanduku la upande wa pili, bega lake limeinama, akashika ubao kwa mikono miwili.

Kijana akasukuma. Lakini hebu ona kazi aliyokuwa nayo: kila mara sanduku la mama liliposhuka mbele yake alilazimika kulivuta bila kumtazama aliyemo. Aligeuza uso mpaka shingo ikasimama mishipa, anasukuma anatazama majabali, na mama naye, kumsaidia, akamgeuzia mgongo. Watu walicheka hadi machozi. Hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Wazee waliokuwepo walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Baba alipofika juu, nilikwenda kwenye nguzo nikaigonga kwa kiganja. Ko, ko.

Kijana hakuwa ameambiwa maana yake, ila alinitazama, mara ya kwanza siku ile, akaelewa. Akaisimamisha bembea. Baba akabaki juu. Tulimwona anageuza kichwa polepole, kwenye mabati, kwenye majabali, kwenye ziwa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kuachwa mimi, na hakuna mtu aliyediriki kusema aharakishwe.

Aliposhuka macho yake yalikuwa na maji. Alikuja kwangu kwanza.

"Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakiona," akasema.

Halafu akamgeukia kijana aliyesimama na kofia mkononi, jasho linamtiririka. Akamwambia kwamba leo amemwinua yeye na mkewe kwa mikono yake, wamekaa juu yake, dunia imeona. Sasa apande na mwenzake. Kijana akaangalia chini, akasita. Baba akaichukua kofia yake nguzoni, akaivaa.

"Nikikuweka juu mimi, hujajipandisha," akasema. "Panda."

Akapanda. Alikaa pembeni yangu, akashika ubao kwa nguvu kama atauvunja, na hapo nikagundua kwamba na woga nao ulikuwepo siku zote, ila hakuutumia kama kisingizio. Nikampenda zaidi. Baba akajaza watoto kwenye sanduku la upande wa pili wawe uzito, akashika upande mmoja na bega lake bovu hivyohivyo, mpiga picha upande mwingine, wakatuzungusha. Mji ukashuka. Upepo wa Julai ukatupiga usoni, na mimi nilikuwa nacheka kwa sauti kama mwendawazimu, sikujali nani ananisikia.

Tulipofika juu nilisikia, ko, ko.

Bembea ikasimama. Nilimwonyesha ziwa, nikamwonyesha heroe, nikamwonyesha bati la duka ambalo baba aliniambia ndilo letu nikiwa mdogo na nikaamini. Alitazama kila kitu nilichokinyooshea kidole, bila haraka. Kisha naye akanionyesha kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona miaka yote ile, uzi mwembamba wa njia nyekundu unaopita kati ya mashamba ya uwele yaliyokwisha vunwa. Akasema ndiyo njia ya kwao, anayoitembea siku nzima na punda. Akasema kutoka hapa kumbe si mbali.

Halafu nikamwona anavua viatu. Akavipakata. Akaikunja miguu yake juu ya kiti, kama mtu aliyekaa mkekani, isining'inie hata kidole. Ndipo akainamisha kichwa, na kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, akasema:

"Shikamoo, baba."

Nilikuwa nimeshika ubao na mimi sasa.

"Marahaba," baba akajibu. "Marahaba, mwanangu."

Mama akapiga kigelegele, wanawake wa karanga wakakipokea, kikazunguka uwanja. Mjomba wake hakuhitaji kurudi kuuliza tena. Alasiri ile ile tuliibomoa bembea sote pamoja, na mume wangu akapakia mbao juu ya punda wake, huku na huku sawasawa, tukazipeleka shuleni.